Mwanga wa Bi Shekha Ulipotulia

Kitu cha kwanza alichokiona Mastura ni kwamba mstari kwenye karatasi ya kufungia mahamri ulitetemeka sawasawa na mwanga wa ukutani. Alikuwa amekaa jikoni kwao Mambrui, asubuhi moja ya mwaka 1985, akimsubiri mama yake aopoe mahamri ya mwisho kwenye mafuta. Karatasi zilitoka kituo cha setilaiti cha Ngomeni. Zubeir, aliyeangalia mashine huko, alizileta kila Alhamisi zikishasomwa, ndefu, zenye mstari mmoja wa wino unaopanda na kushuka, naye akipewa chai.

Mwanga wa ukutani ulitoka kwa wazazi wake. Baba yake, Mzee Omar, alikuwa amegeuka giza tupu tangu homa ya mwaka uliopita. Taa ikielekezwa alipokaa, mwanga haukurudi. Sauti yake ilibaki ile ile, na watu walioingia walilisalimia giza.

"Shikamoo, Mzee Omar."

"Marahaba. Karibu, lakini shika kofia yako."

Kofia mbili zilikuwa zimeshapotelea kwake.

Mama yake, Bi Shekha, alimzunguka mumewe kutwa kama alivyofanya tangu aolewe, mara chai, mara maji ya kunawa, mara mto wa kuegemea. Tangu homa ile, kila alipompitia, uzi wa mwanga ulimtoka begani, mwembamba kama tui linalochuruzika, ukamzunguka mume mara kadhaa ukizidi kupata moto, kisha ukazama. Kabla ya kuzama uliwaka ghafla, na mifupa ya wote waliokuwa jikoni ikaonekana kupitia nguo.

Bi Kaltuma, jirani, alikuja kwa ajili ya goti lake.

"Hebu mpelekee mumeo maji, Shekha, nilitazame vizuri."

"Umekuja kunywa chai au kupigwa picha?" Mzee Omar aliuliza kutoka gizani.

"Vyote viwili. Nawe hata ukinenepa tutajuaje? Hatukuoni."

Mzee Omar alicheka mpaka vikombe vikasogea upande wake.

Mastura hakuwa msemaji. Aliacha shule darasa la tano, bibi yake alipougua na ikatakiwa mtu wa kukaa naye, na tangu hapo alijiona ni miongoni mwa wasioulizwa. Lakini Alhamisi moja alimuuliza Zubeir, macho yake chini, mstari ule ni wa nini.

"Ni wa nyota mbili," alisema Zubeir. "Moja nyeusi, haionekani. Inamvuta mwenzake, inamla kidogo kidogo. Kinacholiwa huwaka kabla ya kumezwa, nasi tunauandika mwako wake."

"Na ukitetemeka?"

"Ukitetemeka hivi, analiwa haba. Ukija kutulia na kung'aa, hapo ndipo analiwa sana."

Zubeir alitazama ukutani, kisha akamtazama Bi Shekha aliyekuwa akichuja chai. Alishukuru, akaondoka kabla kikombe hakijaisha.

Mwezi wa Rajabu mwanga ulitulia. Haukupepesa tena. Ulikaa ukutani mchana kutwa, laini, na mtaa mzima ukafurahi. Bi Kaltuma alisema sasa ndoa imekomaa. Akina mama waliwaleta mabinti waliochumbiwa waje waone nyumba iliyotulia. Bi Shekha akijifunga kanga ilimzunguka mara tatu, na akisimama mlangoni jua lilimpita kama linavyopita pazia.

"Mwepesi kama mwari," walimsifu. "Ndiko kupendwa huko."

Na alipendwa kweli. "Shekha, umekula?" Mzee Omar aliuliza kila siku, kwa upole, katikati ya sahani yake.

"Nitakula, wewe maliza."

Nyumbani mle mke alikula mume akishamaliza. Siku hizo mume hakuwa akimaliza.

Alasiri moja ya Shaabani, Mastura alipakua wali na samaki wa kupaka. Mama yake alinyoosha mkono kuipokea sahani, na vidole vikapita ndani ya ukingo kabla ya kushika. Bi Shekha alitabasamu, akamgusa binti yake shavuni kama anayeomba radhi. Vidole vilikuwa bado vina joto, na vilinukia hiliki.

Mastura alisema neno, kwa sauti ndogo sana. Bi Shekha alilisikia, akatikisa kichwa taratibu, akaenda na sahani kwa sababu chakula kilikuwa kinapoa. Mwanga ukutani haukucheza hata kidogo.

"Mtoto kasema nini?" aliuliza Mzee Omar.

"Hajasema kitu. Kula."

"Mastura, mama, umesema nini?"

Mastura aliufuta mwiko, akauweka chini, akalitazama giza mahali ambapo zamani palikuwa na macho ya baba yake.

"Nimesema mama naye ana njaa, Baba."