Kidole Gumba cha Guylain

Jioni ile Mwenya na mwenzake waliibeba injini kutoka ziwani ikining'inia kwenye mti uliolala mabegani mwao. Waliipitisha mlangoni kwa kuinama, wakaitua juu ya gunia, kati ya mitungi ya maji na kapu la samaki wakavu. Nchelenge hakuna anayeacha injini ufukweni. Boti hulala majini. Injini hulala ndani na watu. Yolande alisukuma sahani ya bati chini ya tumbo la injini kwa mguu, kisha akaendelea kusonga ugali.

Injini ilikuwa inavuja. Kila asubuhi Yolande aliyachuja mafuta ya ile sahani kwa kitambaa na kuyarudisha ndani, na kila asubuhi yalikuwa mengi kidogo kuliko ya jana. Mwenya alisema injini za zamani ndivyo zilivyo. Walikuwa wameinunua kwa Patson, mwenyekiti wa ufuko, ambaye aliwaambia kwamba imewahi kuanguka majini wakati wa kupakia, lakini moyo wake ni mzima.

Ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, alikuwa Berthe, mama yake Yolande. Vita ya Kongo ilikuwa inateremka kutoka upande wa Moba, na watu wa Kilwa walikuwa wameanza kulala ufukweni wakisubiri boti. Yolande alitaka mama yake avushwe wiki ile. Mwenya alikataa.

"Moteri ikikauka mafuta katikati ya ziwa, inashika, haizunguki tena," alisema. "Siwezi kuua watu juu ya mutu mumoja."

"Basi tutafute mahali inavuja, Bashi Mwansa," Yolande alisema. Alimwita hivyo kwa jina la mtoto wao, aliyekuwa akisoma Mansa.

Jumamosi waliisukuma injini hadi uani. Mwenya aliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, akaikausha kwa shati lake, akakaza kila bolti iliyokubali kukazwa. Akaiwasha. Kufumba na kufumbua ilikuwa imelowa tena kotekote, maana gurudumu lake lilichukua mafuta na kuyarusha kila upande.

"Mafuta hayatoki pale unayaona," Mwenya alisema. "Yanatembea."

Waliiosha upya. Safari hii Yolande alileta beseni la unga wa muhogo, akachota kiganjani na kuupuliza juu ya chuma mpaka injini ikawa nyeupe kama mtu aliyetoka kusaga.

"Unga?" Mwenya alisema. "Kwetu unga tunamwagia wazee wenye walikufa."

"Kwetu tunakula. Washa."

Mwenya aliwasha. Unga ulibaki mweupe, ila kwenye kona ya chini ya kifuniko kidogo cha ubavuni mwa injini. Pale ulitokea mstari wa kijivu, mwembamba kama uzi, ukishuka kutoka kwenye tundu lisilo na bolti. Mwenya alizima injini, akalichokoa tundu kwa msumari. Kikatoka kipande cha sabuni ya kufulia, cheusi, kikiwa bado na alama ya kidole kilichokikandamiza.

"Nani anafunga moteri na sabuni?" Yolande aliuliza.

"Mwenye haraka."

Hesi ya tundu, ile mikunjo inayoshika bolti, ilikuwa imelika. Dawa yake ilikuwa kuchonga hesi mpya na kutia bolti nene zaidi, na fundi mwenye chombo cha kuchongea alikuwa mmoja tu, kule Kashikishi. Lakini alikuwa amekwenda msibani Kawambwa na hakuna aliyejua atarudi lini. Mwenya alikuwa bado anawaza hayo, mafuta yakitiririka uani, mtu alipopiga hodi.

Alikuwa Guylain, mtunza injini wa boti ya Patson, ile iliyozama mwanzoni mwa mvua pamoja na wote waliokuwamo. Nguo zilikuwa zinamchuruzika maji. Aliwasalimu, akasema ameona wametia unga, akachuchumaa kando ya injini na kukiingiza kidole gumba chake kwenye tundu. Mafuta yakakatika.

Yolande alimletea kigoda.

"Asante, yaya," alisema, akimwita kama dada yake mkubwa. "Nikikaa, mukono haufiki."

"Kumbe ni moteri ile," Mwenya alisema.

"Ni ile. Walivuta nyavu na ndoano mpaka wakaipata."

"Na watu?"

"Watu hawakuwatafuta."

Patson alikuwa amesimama kanisani akasema boti imechukuliwa na upepo, na waumini wakaimba. Guylain alisema upepo haukuwapo. Alikuwa amemwonyesha Patson lile tundu kabla ya kung'oa nanga, na Patson akamwambia sabuni itafika Kilwa. Sabuni hiyo iliyeyuka katikati ya ziwa; ile waliyoichokoa leo Patson aliitia alipokuwa anauza. Injini ilipokauka ilishika, na boti iliyojaa kupita kiasi ikalala ubavu kwenye mawimbi ya kawaida. Guylain aliyaeleza haya bila kupandisha sauti, kama anayemweleza mwenzake anayempokea zamu.

"Sasa miye ninataka kuenda kwangu," alisema. "Muke wangu Jeanine iko Kilwa. Hakuna mutu alimwambia kitu."

Yolande alikitazama kile kidole, na chini yake sahani, ambayo haikuongezeka hata tone.

"Utushikie tulete mama," alisema. "Fundi akirudi tutaifunga vizuri, na weye utaenda kwako."

"Ni mapatano?"

"Ni mapatano."

Walivuka Jumapili, watu wakiwa kanisani. Guylain alichutama karibu na injini njia nzima, mabega yakitikisika pamoja nayo. Injini haikumaliza hata kikombe cha mafuta.

Kilwa hawakuizima injini, kwa sababu wanajeshi walikuwa wanachukua boti zilizozimwa. Watu waliingia majini mpaka kiunoni wakiwa na magodoro na masufuria vichwani. Mwenya alimvuta Berthe kwa makwapa, na kuku wake akavutwa pamoja naye. Nyuma yake alipanda Jeanine. Alitafuta mahali pa kukaa, akapaona karibu na injini.

"Ni weye?" alisema.

"Ni miye," alisema Guylain.

"Wanasema ulikufa."

"Ni kweli."

"Na juu ya nini hukutuma mutu kuniambia?"

"Mukono ulikuwa na kazi."

Jeanine aliikamua sketi yake, akaketi. Alimwambia mabati mawili yameibwa, mbuzi amezaa, na mama mkwe amekimbilia Pweto bila kuaga. Guylain alikuwa anaitikia. Walipofika Nchelenge Jeanine alilala kwa watu wa kanisa, na kila jioni alikuja kwa Yolande na ugali umefunikwa kwa kitambaa, akamlisha mumewe kwa mkono, tonge baada ya tonge.

Fundi wa Kashikishi alirudi Jumatatu. Mwenya alikwenda kumwona, wakaelewana kwamba angekuja kesho yake. Jioni hiyohiyo Patson alipiga hodi, kofia mkononi. Alimsalimu Mwenya, akamsalimu Yolande, akamsalimu Berthe aliyekuwa anamenya karanga, kisha akainama kidogo kuelekea kwenye gunia.

"Guylain."

"Bwana Patson."

"Unaendelea aje?"

"Ninashika."

"Muzuri. Hata kanisani nilisema ulikuwa kijana wa kazi."

"Na ya upepo ulisema pia."

"Upepo ni wa Mungu," Patson alisema. "Sabuni, watu wangeuliza ni ya nani."

Aliketi kwenye kigoda. Alisema boti yake mpya ni kubwa na haina injini, na kwamba ufuko mzima unasema injini hii sasa haivuji hata tone. Angependa kuichukua kwa muda.

"Kesho fundi anachonga hesi," Mwenya alisema.

"Ya nini? Bolti inalegea. Huyu halegei."

Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekasirika. Patson alichukua karanga moja kwenye ungo wa Berthe, akaimenya polepole.

"Jumatano malori yanakuja kupeleka wakimbizi kambini, kule Kawambwa," alisema. "Wenye malori wananiuliza miye, nani ni mugeni, nani ni wa hapa. Huyu mama ninaweza kusema ni wa hapa."

"Na Jeanine?" Yolande aliuliza.

"Jeanine ni mugeni."

Yolande alimtazama Mwenya. "Moteri ni yako," alisema.

"Mama ni wako," alisema Mwenya.

Patson alisimama, akashukuru, akavaa kofia. Mwenya alitoka kwenda kumwambia mtu anayeelekea Kashikishi kwamba fundi asijisumbue.

Guylain alikuwa amesikia yote, kwani alikuwa hatua moja tu kutoka kwao.

"Yaya, tulipatana," alisema.

"Tulipatana," Yolande alikubali. Alikuwa anafunika mtungi.

"Mama yako alifika."

"Alifika. Sasa inabaki akae."

Berthe aliweka ungo chini. "Huyu mutoto nilimufunza katekisimu," alisema. "Mama yake tulizaa mwaka mumoja. Mumuache aende kwake, Yolande."

"Mama, chakula kinapoa."

Berthe alinawa, akala.

Jumatano malori yalisimama karibu na soko. Patson alipita kati ya watu akiwagusa mabegani, huyu huku, huyu kule, na alipofika kwa Berthe alimwita mama mkubwa, akamwelekeza kivulini. Jeanine alipanda lori la pili na sufuria lake. Alimwomba dereva apite njia ya ziwani, na dereva akasema barabara ya Kawambwa haipiti huko.

Saa hizohizo watu wa Patson waliibeba injini kwenda kwenye boti kubwa. Guylain alitembea kando yake akiwa ameinama, kidole ndani, akiwaambia wabebaji wapi pana shimo na wapi pana jiwe. Walimsikiliza, maana alikuwa anajua kazi. Siku hiyo boti ilivuka na kurudi bila kusimama, na Jumapili Patson alitoa shukrani mbele ya kanisa. Yolande aliimba pamoja na wengine.

Wenye boti wengine hawakuchelewa kujifunza. Mvua zilipokwisha, karibu kila injini ya ufuko ule ilikuwa na mtu wake aliyelowa, mmoja wa waliofia ziwani, amechuchumaa, amekamata mahali fulani. Kulikuwa na wanawake kati yao, na mzee mmoja aliyekuwa katekista. Wasafiri waliuliza kwanza kama boti ina mtu wa kushika ndipo wakapanda, na boti zilipakia watu wengi zaidi kuliko zamani. Fundi wa Kashikishi aliuza chombo chake, akahamia Kafutuma kulima muhogo.

Mara mojamoja watu wa kambini walifika Nchelenge kununua samaki, na hakukosekana mmoja wa kupita kwa Yolande na salamu za Jeanine. Jeanine alikuwa anauliza kama mumewe amekwisha kufika nyumbani Kilwa.

Yolande aliwakaribisha, akawapa maji. Aliwaambia wamjibu kwamba Guylain ni mzima na yuko kazini.