Ravelia Ni Nani?

Mume wangu ni fundi wa friji, na kwa maneno anafanana na friji zake: ananguruma kidogo, kisha kimya. Tulipooana, dada yangu alisema nimeolewa na ukuta. Kwa hiyo siku aliyokuja kututoa hospitalini, akampokea binti yetu mikononi, akamtazama weee, halafu akasema tumwite Ravelia, nilidhani uchovu unanichezea.

Nikamuuliza jina hilo amelitoa wapi. Akafikiri, akasema limemjia tu.

Sasa, mimi si mtoto. Jina la binti halimjii mwanamume hivi hivi kama mafua. Majina tunayoyajua sisi hutoka kwa bibi, kwa shangazi, au kwa jirani aliyekufaa siku ya shida. Kwao hakuna Ravelia, kwetu hakuna, mtaani hakuna. Lakini lilikuwa tamu mdomoni, na mimi nilikuwa hoi, nikakubali. Teksi ikatubeba kutoka uani mwa hospitali, kwa geti la nyuma, hadi mlangoni kwetu, mtoto amelala fofofo.

Aliyenitilia mchanga kwenye kitumbua changu ni dada yangu huyohuyo. Mtaa mzima unamwita Redio, na wala hakatai. Anasema kazi ya redio ni kutoa habari, si kuzitengeneza. Alikaa pembeni ya kitanda changu, akampakata mtoto, akauliza jina lake, akauliza ni la nani. Nilipomwambia kwamba limemjia tu shemeji yake, alinyamaza. Redio akinyamaza, ujue kuna taarifa maalumu inakuja.

"Mdogo wangu," akasema, "hakuna jina lisilo na mwenyewe."

Akanikumbusha kwamba huyu ni mwanamume anayesahau siku yake mwenyewe ya kuzaliwa. Watoto wa majirani wote anawaita "wewe." Leo anakuja na jina lenye madoido namna ile, halafu hajui lilikotoka? Kisha akanipa la pili, ambalo sikulijua. Siku zote nilizolazwa, kwanza kwa presha, kisha kwa uchungu uliokataa kwisha, yeye ndiye aliyekuwa akipita geti la nyuma, lile la wageni, kuniletea chai. Wodi ile haikuruhusu wanaume, sawa, lakini hata koridoni hakuwahi kumwona mume wangu. Akapita na karakana kwake. Akakuta kufuli.

Nilimwambia aache umbea. Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kutikisa kichwa. Kama hakuwa hospitalini, na kazini hakuwa, alikuwa wapi wakati mimi nachungulia kaburi? Na huko alikokuwa, nani aliitwa Ravelia?

Nilianza kumwita binti yangu "mama" tu. Jina lile likawa mwiba kooni.

Siku ya kliniki nikaenda na Redio. Nesi alikuwa anawatundika watoto kwenye mzani mmoja mmoja, wanarusha miguu na kulia. Akaita, "Ravelia." Nikainuka. Kwenye benchi la mbele yangu akainuka mwanamke mwingine, naye amebeba mtoto wa kike. Tukatazamana kama watu waliovaa gauni moja harusini. Nikajikaza, nikamuuliza kwa upole jina zuri hilo kalipata wapi. Akacheka, akasema hata yeye hajui, ni baba mtoto aliyelileta.

"Baba mtoto," Redio akarudia polepole, huku akiyachunguza masikio ya mtoto yule. Mume wangu ana masikio yaliyosimama kama vishikio vya sufuria. Ya mtoto yule nayo, mimi kwa macho yangu, niliyaona yamesimama.

Tulipotoka tukakutana na bibi mmoja anamfukuza mjukuu wake aliyekataa kuvaa viatu. Alikuwa anamwita kwa sauti. Alikuwa anamwita Ravelia. Redio hakusubiri, akamuuliza jina ni la ukoo gani. Bibi akasema la ukoo gani tena, baba yake alikuja nalo siku mtoto alipozaliwa, na ukimuuliza anakwambia limemjia tu.

Dada yangu alinishika mkono hadi tukafika nyumbani. Mlangoni ndipo alipofungua kinywa.

"Huyo si fundi friji," akasema. "Huyo ni mkulima."

Leo nacheka. Siku ile nilikunja kanga na nguo za mtoto, nikazitia kwenye begi, nikaenda karakana na begi langu begani na mtoto kifuani. Nilimkuta amelala kifudifudi nyuma ya friji ya bucha. Nilimwambia nimeona Ravelia wawili, wote baba zao hawajui jina lilikotoka, na kwamba nahamia kwa dada yangu mpaka nijue Ravelia wa kwanza ni nani. Nilitaka nilitamke kwa ukali, lakini sauti ikakatika katikati, nikaishia kulia mbele ya friji za watu.

Akainuka, akafuta mikono. Kwa mtu wa maneno machache alisema mengi siku ile.

"Ningekuwa na la kuficha ningeshatunga uongo," akasema. "Mimi nimekosa hata uongo. Kweli silijui lilikotoka, na linanisumbua kuliko wewe."

Nikamuuliza alikuwa wapi siku zile nilizolazwa. Akanishangaa. Akasema alikuwa hospitali, angekuwa wapi? Nikamwambia Redio hakumwona. Akakuna kichwa, akaitazama friji ile ya bucha kama inayoweza kumshauri.

Akaniambia friji ikigoma yeye hapotezi muda kuuliza imekula nini. Anaanzia kwenye plagi, anafuata waya mpaka pale umeme ulipokatika. Basi na sisi tufuate waya. Tuanzie hospitali, tupite kila alipopita, na kama njiani kuna Ravelia tutamkuta. Nikamwambia sawa, ila Redio anakuja kama shahidi. Akaguna. Akakubali.

Tukaenda mguu kwa mguu, yeye mbele, mimi na mtoto nyuma, Redio kando na mkoba wake kwapani, kama askari. Alituonyesha geti kubwa la mbele, la magari ya wagonjwa, ambalo mimi na Redio hatukuwahi kulipita. Alituonyesha kibanda cha mlinzi. Mlinzi, akasema, hakutaka wanaume wajazane pale, aliwaelekeza ng'ambo ya barabara wakasubiri huko, na kukiwa na habari alitoka akaita kwa sauti. Tukavuka. Palikuwa na benchi la mbao lililopoteza rangi, limeegemea ukuta wa stoo. Wanaume watatu walikuwa wamekaa, mmoja anatafuna kucha. Mume wangu akawaomba wasogee kidogo, akakaa. Nami nikakaa ubavuni kwake.

"Hapa," akasema. "Nilikaa hapa. Sikwenda popote."

Nikainua macho. Mbele yetu, hatua chache tu kushoto kwa geti, kulikuwa na duka la nguo za watoto. Dirishani, katikati ya kofia na soksi ndogo ndogo, kulikuwa kumetandazwa blanketi jeupe. Na juu ya blanketi, kwa uzi wa zambarau, R yake imejikunja kama mkia wa paka, palikuwa pamedariziwa: Ravelia.

Mume wangu aliliona baada yangu. Alisema "Ah," basi. Ni "Ah" ya fundi aliyekuta waya umekatika. Mimi nilicheka mpaka mshono wa uzazi ukauma, kisha nikalia, kisha nikacheka tena, na yule mtafuna kucha akasogea mbali nasi. Roho yangu ilitua pale pale kwenye mbao zile. Sikujua nilikuwa nimeibeba nzito kiasi hicho.

Redio hakucheka. Redio hakubali kushindwa na blanketi. Alisema blanketi nalo lina mwenyewe, akavuka barabara kwenda kumtafuta, sisi tukamfuata.

Fundi wa kudarizi alikuwa mama mnene mwenye miwani, kola yake imechomekwa sindano kama mto wa pini. Redio akamwamkia, akamuuliza moja kwa moja Ravelia ni nani. Yule mama akashusha pumzi ndefu.

"Si mtu," akasema. "Ni sampuli."

Akatueleza. Blanketi tupu dirishani haliuzi, lazima liwe na jina, watu waone mkono wa fundi. Lakini ukidarizi jina la watu, wasiokuwa nalo wanaona blanketi lina mwenyewe, wanapita. Walio nalo wanataka lilelile la dirishani, na kwa bei ya kutupa kwa sababu limepigwa jua. Ndipo siku moja, huku anakoroga chai, akatunga jina ambalo halikuwa la mtu yeyote duniani. Alitaka tu lianze kwa herufi yenye mkunjo. Alifikiri amemaliza tatizo.

"Kumbe nimewasahau wale wa benchi," akasema. "Baba akitoka pale hana akili, ana jina."

Sasa kila wiki anaagizwa blanketi la Ravelia. Katika shule ya chekechea ya jirani wapo Ravelia mkubwa, Ravelia mdogo, na Ravelia wa mwalimu. Jina lake la sampuli limegeuka jina la watu, na kazi imemrudia: atunge lingine. Redio akauliza kwa sauti ya chini kama basi halina maana yoyote. Mama akasema halina. Aliona haya kidogo, akaniomba radhi kama vile ameniuzia kitu kibovu.

Kisha akavua miwani, akamtazama mume wangu aliyesimama mlangoni.

"Huyu si yule wa mvua?"

Akanigeukia mimi. Akasema siku moja mvua kubwa ilinyesha, benchini wakakimbia wote, akabaki huyu. Alimpungia mkono aje asimame humu dukani, akakataa. Akamtuma msaidizi na mwavuli, akamwita tena. Akakataa tena.

"Alisema akiingia ndani, mkewe akiitwa getini hatasikia."

Mume wangu alikuwa anaangalia soksi. Masikio yale yalikuwa mekundu. Nilimwita, nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema hakuona kama ni jambo la kusema. Macho yalikuwa kwenye blanketi tu, akili yote ilikuwa wodini kwangu.

Redio akafungua mkoba wake. Alisema blanketi la dirishani atalilipia yeye, tena bila kuomba kupunguziwa, kwa sababu redio ikikosea husahihisha. Mama alitaka kutudarizia jipya, lile limefifia upande mmoja kwa jua. Nilikataa. Nilitaka lilelile.

Hadi leo nesi wa kliniki akiita "Ravelia" tunainuka watatu, wakati mwingine wanne, na ukumbi unacheka. Mimi siangalii tena masikio ya mtoto yeyote. Naangalia mama zao, nami najua jambo ambalo pengine wao hawajaambiwa: kwamba wakati wao walipokuwa ndani, kuna mtu alikaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi lile, akasubiri kuitwa.