Wino wa Papa Théophile

Saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili, wino ndani ya kikombe ulikuwa mwekundu. Ulipaswa kuwa zambarau inayoelekea bluu, rangi ya ziwa kabla jua halijachomoza upande wa Kigoma.

Laurette alikuwa ameuchemsha kwa maua makavu ya ngaingai, yale mekundu ya kutengenezea juisi, kama alivyofanya baba yake, Papa Théophile, mtumishi wa reli aliyefariki mwaka jana. Mzee hakuandika kwa biki hata siku moja. Kila mjukuu alipobatizwa, aliliandika jina lake katika Biblia ya nyumbani kwa kalamu yake ya wino. Fanny na Chérubin walikuwa pale, bado zambarau, kwa kuwa wino wa maua hufifishwa na mwanga na Biblia ilikaa sandukuni. Leo angebatizwa Jeancy, wa kwanza kuzaliwa baada ya mazishi. Laurette, shangazi yake, hakutaka rangi imtenge na wenzake.

"Andika na biki, mwanangu," alisema Mama Elisabeth, mjane wa mzee, akifunga kitenge cha misa. "Mungu anasoma rangi zote."

"Biki? Papa atafufuka!"

"Basi andika nayo, tumuone."

Laurette alicheka, akakigeukia tena kikombe. Alikuwa ametumia maji ya mvua, kwa sababu wapenda kalamu huyasifu: hayaachi chokaa ndani ya njia ya wino. Kalamu hii aliirithi ikiwa na utando mweupe shingoni. Alimlaumu marehemu kwa uvivu, akausugua mpaka ukaisha.

Pipa la mvua sasa lilikuwa tupu. Ili aoshe ncha yenye wino ule mwekundu, alichota kwa glasi maji ya ziwa kwenye ndoo ya jikoni, akaitumbukiza kalamu ndani yake.

Wino ulishuka kama uzi. Juu ulikuwa mwekundu. Katikati wekundu ukaanza kuutoka. Chini ukatanda, zambarau, kisha bluu, polepole, kama moshi usio na haraka ya kufika popote. Ukungu ulikuwa umefika dirishani. Kwa muda Laurette hakuona glasi inaishia wapi na ziwa linaanzia wapi.

"Mama, Papa alikuwa anachemsha wino na maji gani?"

"Ya ziwa. Kwani mvua inanyesha kila siku?"

Utando ule mweupe ulikuwa chokaa ya ziwa, na maji hayo ndiyo yaliyougeuza wino. Laurette aliyaongeza kwenye kikombe kidogo kidogo, akiijaribu rangi pembeni mwa bahasha kuukuu, hadi ilipofikia ile ya Papa. Akaijaza kalamu, akaandika chini ya Chérubin.

Rangi hazikulingana sawasawa: jina jipya lilikuwa na giza zaidi. Kadiri lilivyokauka, tofauti ilipungua. Mama Elisabeth alipitisha kidole juu ya jina la Jeancy. Kidole kilibaki safi.