Mzee wa Manjano

Siku ya tisa baada ya kumzika mzee wangu, niliingia tena chumba cha giza. Jirani alisema nimewahi mno. Mimi sikuona kuwahi wala kuchelewa. Nilikuwa kama mguu uliokufa ganzi, unaukanyagia tu kwa kuwa upo.

Binti yangu alitaka picha kubwa ya baba yake, ya kuweka sebuleni. Filamu aliichagua mwenyewe: mzee kwenye harusi ya huyo binti, miaka sita nyuma, kavaa shati jeupe, anacheka.

Miaka thelathini na moja tulisafisha picha pamoja, mzee akichapa, mimi nikikausha. Safari hii nilichapa mimi. Nikaikausha kwanza, maana picha mbichi huongopa rangi, nikaipeleka dirishani. Nikamwona. Nikamwita binti.

"Huyo hapo."

Aliitazama kitambo. "Mama, mbona baba wa manjano?"

"Manjano wapi?"

"Kote! Hebu ona shati, kama limefuliwa kwa chai."

Nikaliona shati. Mzee alinifundisha mpaka akachoka: usipime rangi kwa uso, uso una mwenyewe, pima kwa kilicho cheupe. Nami nilikuwa nimepima kwa uso. Miezi saba niliuosha uso ule, asubuhi na jioni, ini lilipokuwa limeugeuza rangi, hadi jicho langu likakubali kuwa ndivyo alivyo.

"Kumbe," nikasema. Sikulia.

Nikatoa kadi zetu za kupimia rangi, zile zenye vidirisha vya plastiki ya rangi. Nikaiweka ya buluu mbele ya jicho, nikaichungulia picha mara moja, nikaitoa upesi. Ukikodoa, jicho linazoea, halikuambii kweli tena. Kwa buluu hafifu, chai bado. Kwa buluu iliyokolea kidogo, likawa shati.

"Sasa unapunguza manjano kwenye mashine ya kuchapia?"

"Naongeza."

"Mama!" Alinitazama kama akili zimeniruka.

"Kitendawili."

"Jamani, leo?"

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Mgeni wangu, nikimzidishia anaondoka."

"Jembe! Mgeni ukimzidishia jembe, hata nauli haombi."

"Umekosa. Nipe mji."

Akanipa mji wa wifi yake, asiyepatana naye.

"Ni rangi. Picha ikiwa ya manjano, mashine unaiongezea manjano, na karatasi inayakataa. Alikitunga baba yako."

Akacheka, kisha kicheko kikamgeukia kilio. Nilingoja amalize, kama ninavyoingojea dawa ishike karatasi.

Nikarudi gizani, nikaongeza manjano kipimo kile kile cha kadi, nikachapa, nikakausha. Shati likatoka jeupe. Uso ukatoka wa maji ya kunde, mashavu yamejaa. Binti akaibana picha kifuani.

"Huyu ndiye baba. Huyu ndiye!"

Nilimtazama yule mwanamume kama mtu niliyewahi kupanga naye nyumba moja zamani. Mzuri. Nikampongeza binti kwa kuchagua filamu.

"Hii mbovu niichane?" Alikuwa ameishika ile ya kwanza.

"Lete."

"Lakini Mama, si yeye huyu."

"Huyo wa kifuani kwako ni baba yako. Huyu ndiye niliyemwosha."

Akanipa ile ya manjano. Nikailaza chini ya kitabu kizito, pembe zisijikunje, nikaenda kuosha mabeseni.