Timbo la Luyen

Kijijini kwetu kila nyumba ina shimo lake, maana humo ndimo ilimotoka. Jiwe letu ni jekundu, lina vitundu kama sega la nyuki. Hukatwa ardhini likiwa laini kama andazi la mchele, kisha jua hulikausha mpaka likawa jiwe kweli. Shimo huitwa timbo maadamu mwenyewe bado anakusudia kukata. Siku atakapotosheka huliita bwawa, kwa kinywa chake mwenyewe, na hapo hutiwa samaki. Hakuna anayeweza kumsemea neno hilo, hata awe nani.

Luyen alikuwa mjane, na bado alisema timbo. Nyumba yake ilikuwa na kuta tatu za mawe na mmoja wa mianzi, kwa sababu mumewe, Khoat, alifariki kabla ya kuukata wa nne. Mvua zikalijaza shimo. Asubuhi za ukungu Luyen aliketi ukingoni akitafuna tambuu, akiitazama nyumba yake imesimama kichwa chini majini, na ule ukuta wa mianzi ukitetemeka, ukitetemeka, hata mara nyingine ukaonekana wa mawe. Ukimwita saa hiyo, haitiki. Ungedhani yumo mle ndani, anafagia.

Dinh, rafiki wa marehemu, alimpenda, na kila mtu alijua, hata bata wake. Alipopeleka tambuu na popoo za posa, Luyen alimrudishia kwa upole: hawezi kuolewa na huku timbo la Khoat liko wazi. Basi Dinh akaona dawa ni kulifunga. Alfajiri moja akamwaga humo ndoo nzima ya vitoto vya samaki.

Kijiji kilicheka, Luyen hakucheka. Alimwambia awatoe wote, asisaze hata mmoja.

Dinh akaingia na tenga. Sisi tulikaa ukingoni tukimpa ushauri ambao hakuuomba. “Huyo wa kushoto anakukonyeza, bwana,” mmoja wetu alimwambia. Kiangazi kikazidi, maji yakamshuka magotini, kisha nyayoni. Sakafu nyekundu ikajitokeza, na juu yake alama za chepe la Khoat, pale alipoishia, mbichi kama za mtu aliyekwenda kunywa chai tu. Dinh alisimama hapo na samaki wa mwisho mkononi. Kisha akapanda juu, akaomba chepe.

Luyen akamletea la Khoat. “Kata taratibu, shemeji. Mwenzio hakuwa na haraka.”

Alikata. Matofali yakaanikwa, na kila aliyepita aliyabonyeza kwa kidole, mpaka kidole kikawa hakiachi alama. Ukuta ukasimama. Mianzi ikaishia jikoni, ikapikia wali wa kunata. Dinh akarudi kwake bila kutaja posa.

Mvua zikanyesha, shimo likajaa. Luyen aliketi ukingoni akaitazama nyumba majini: kuta nne, hakuna unaotetemeka. Akainuka, akaenda mpaka uani kwa Dinh, aliyekuwa akigombana na bata.

“Dinh,” alisema, bila kumwita shemeji, “wale samaki wako bado wazima?”

“Wamo mtungini. Wamenenepa kuliko mimi.”

“Walete. Bwawa langu limejaa.”

Akaja nao mbio, kasahau viatu. Tambuu ilifuata kesho yake.