Siku Tuliyoupindua Mtumbwi wa Lulu

Mama aliniita Biram, kando ya mto Senegal. Wahispania wakanibatiza Bartolome, wakanipeleka utumwani ng'ambo ya bahari, kisiwa cha Margarita, nikawazamie lulu. Kabla yetu waliwalazimisha wenyeji wa bara ya jirani kuzamia, mpaka mapafu yao yakashindwa na ndui ikawamaliza waliosalia. Ndipo wakatuleta sisi weusi. Kati ya wenyeji wale nilimkuta mmoja tu yu hai, mzee Tayuko.

"Wewe unashuka kama gunia," aliniambia siku ya kwanza, kwa Kihispania chetu cha kuokoteza. "Kwanza toa pumzi yote. Halafu vuta taratibu."

Bila yeye nisingemaliza mwezi.

Mtumbwini tulikuwa wazamiaji tisa na msimamizi, Gaspar, mwenye bunduki. Siku moja mwenzetu Yoro aliibuka damu ikimtoka masikioni, akafa mikononi mwangu. Gaspar akasema, "Wengine wanakuja na meli ijayo."

Tayuko alinielekeza kwa kidevu upande wa kusini, penye mstari mwembamba wa nchi kavu. "Kule ni kwetu. Nimepatazama miaka ishirini."

"Mbona hukwenda, mzee?"

"Na nani? Mtumbwi huu haupigwi kasia na mtu mmoja."

Kesho yake tulishuka wote wanane kwa pamoja. Chini tukaachia mawe ya kuzamia, tukaibuka upande mmoja na kuuning'inia mtumbwi kwa uzito wetu wote. Ukapinduka. Bunduki ikazama, Gaspar akawa anatapatapa.

"Bartolome, nishike!"

"Naitwa Biram," nikamwambia. Nilimvuta hadi kwenye mwamba, nikamwacha hapo awangoje wenzake.

Tuliuinua mtumbwi, tukakumba maji yaliyojaa ndani, tukapiga kasia. Mchana mashua ya Wahispania ikatufuata kwa tanga. Tayuko akatupenyeza kwenye miamba aliyoijua tangu utotoni. Wao wakakwama huko nyuma, wakitutukana. Yoro alistahili kuwasikia.

Ufukweni wenyeji walitupokea kwa pinde zilizovutwa. Tayuko akasema nao kwa lugha yao. Mwanamke mmoja akacheka.

"Huyu anaongea kama marehemu bibi yangu."

"Bibi yako nani?"

Akamtaja. Tayuko akaketi mchangani. "Dada yangu," akasema. Pinde zikashuka.

Mara mbili Wahispania walikuja kutuchukua. Mara mbili sisi weusi na wenyeji, bega kwa bega, tuliwarudisha majini. Mara ya tatu wakamtuma padri aombe amani. Tayuko, ambaye sasa kwa uzee alibebwa kwa machela, akamtajia masharti: kuanzia mto hadi mlima hakuna mtumwa, wala hakuna atakayewazamia lulu. Padri akaandika yote, akasaini.

Mke wangu, yule mwanamke aliyecheka, akamfungia mkate wa muhogo wa njiani. Alimwona amekonda mno, na safari yake ya kurudi ilikuwa ndefu.