Upande wa Kushoto wa Gari

Kwa miaka ishirini na sita Abdinasir aliendesha malori kati ya Eldoret na Lodwar, na muda wote huo hakuwahi kulisemea gari la otomatiki neno jema hata moja. Aliliita pikipiki yenye milango. Kwa hiyo asubuhi moja aliposema kwamba mkewe anunuliwe otomatiki, Hodan alibaki ameshika birika, asimimine.

"Kwa mtu anayejifunza ni rahisi," alisema Abdinasir. "Unakanyaga, inaenda. Klachi ya nini?"

"Lakini shuleni nafundishwa ya klachi, Baba Khadija. Na mtihani ni wiki mbili zijazo."

"Mtihani ni siku moja. Gari ni la miaka."

Hodan akamimina chai. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, duka la madira na shuka mjini, na siku za soko alipeleka mali Soy na Moi's Bridge. Zamani mali hiyo ilipanda lori la mumewe. Lori lilipouzwa, akajiandikisha shule ya udereva pamoja na vijana wa umri wa bintiye Khadija, akasukuma vigari vya kuchezea juu ya ubao uliochorwa barabara mpaka akajua kila alama. Gari lenyewe la shule lilimzimikia mara nyingi kuliko alivyopenda kukumbuka, hasa penye mlima. Hata hivyo aliliwasha tena kila lilipozimika, na mwalimu wake, Jerop, alikuwa ameanza kumsifu bila kulazimishwa.

Kilichomsumbua si mtihani. Siku tatu nyuma alimsikia mumewe akiongea kwa simu barazani na rafiki yake wa barabarani, Sadiq.

"Mguu wa kulia haujambo," alikuwa akisema. "Otomatiki haitaki wa kushoto. Nipe mwezi mmoja tu, tutaonana Lodwar."

Kiharusi kilimpata Abdinasir mwezi wa Ramadhani. Mkono na mguu wa kushoto vililegea, kisha vikarudi nusu, akaanza kutembea kwa fimbo. Hayo kila mtu aliyaona. Lililobaki daktari alimweleza Hodan mlangoni mwa wodi: macho ya mzee ni mazima, ila ubongo wake umeacha kuhesabu upande wa kushoto. Kitu kikiwa upande huo, kwake hakipo. Asishike usukani. Daktari akamwambia na mgonjwa vilevile, tena kwa heshima. Abdinasir akajibu kwamba daktari huyo ni mtoto wa juzi, na habari ikaishia hapo.

Hodan hakuhitaji daktari amkumbushe, maana kila siku aliiona sahani. Abdinasir alikula wali mpaka katikati, kana kwamba umepigiwa mstari kwa rula, halafu akaweka kijiko chini na kuuliza kama hakuna zaidi. Nusu ya kushoto ilikuwa imejaa vilevile, nyama na yote. Hodan aliichukua sahani kama anayekwenda kuongeza, akaizungusha, akairudisha. "Kimebaki kidogo," alisema. Naye Abdinasir akala, akamtania kwamba sufuria yake ina baraka, haiishi. Hodan alicheka naye. Alimpenda mume wake, na hakutaka kuwa mtu wa kumwambia kwamba nusu ya dunia imemponyoka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwa wakila meza moja na Abdinasir.

Sahani ilikuwa jambo la nyumbani. Barabara si nyumbani. Upande wa kushoto ndiko wanakotembea watoto wa shule, ndiko bodaboda zinakosimama ghafla kupakia mtu.

Jumamosi Jerop aliwapeleka kwa gari la shule, lenye herufi L nyekundu mbele na nyuma, mpaka yadi moja ya kuuzia magari nyuma ya kinu cha mahindi. Dalali alikuwa kijana aitwaye Kiplimo, mwenye viatu vilivyochongoka na maneno mengi. Aliambiwa wazi kwamba gari ni la Mama, Mama ndiye mwanafunzi. Akaitikia vizuri kabisa, kisha akampa Mzee ufunguo. Hapo yadini wanawake hununua magari na wanaume huonyeshwa.

Gari lenyewe lilikuwa Vitz ya rangi ya fedha, otomatiki, ya bei wanayoiweza.

"Hii ilikuwa ya mwalimu mmoja wa Soy," alisema Kiplimo. "Ni ya kwenda church na kurudi. Mafuta inanusa tu, Mzee, hainywi."

Abdinasir alisimama upande wa dereva. Aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo.

"Umeiwasha leo."

"Kidogo tu, Mzee, nilikuwa naisogeza."

"Umeiwasha ili isikohoe mbele yangu. Izime. Tutangoja ipoe."

Kiplimo akacheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa. Wakangoja. Gari lilipopoa Abdinasir aliamuru liwashwe, akainamisha kichwa akisikiliza, akataka kijiti cha oili, akakinusa, akasugua oili kati ya vidole viwili. Alisema mkanda umechoka na plagi moja haifanyi kazi sawasawa, mengine mazima. Fundi wa Kiplimo alikagua injini akakuta ni hivyo hivyo. Hodan alijivunia mume wake wakati huo, akasahau kwa dakika chache kilichomleta pale.

Kisha Abdinasir akazunguka nyuma ya gari, akasimama na fimbo yake, akalitazama.

"Bodi ni safi," alisema. "Haina hata mkwaruzo. Hii inatutosha."

Upande wote wa kushoto wa gari ulikuwa umebonyea, kuanzia mlango wa nyuma hadi madigadi ya mbele. Taa ya nyuma ya kushoto ilikuwa imevunjika kioo. Kioo cha pembeni kilishikiliwa na tepu nyeusi, kikining'inia kama sikio la mbuzi.

Asubuhi nzima Kiplimo alikuwa amejiandaa kupunguza bei kwa ajili ya ubavu huo, na sasa mnunuzi mwenyewe ameupitisha. Mfanyabiashara hakatizi sifa. Jerop aliinamia viatu vyake. Hakuna aliyetaka kumsahihisha mzee mbele za watu, tena mzee ambaye robo saa iliyopita alimkamata dalali kwa kiganja tu.

Hodan aliona aibu kwa niaba yake, na chini ya aibu ilikuwepo hofu. Akisema, atakuwa amemvua nguo mbele ya vijana. Asiposema, Jumatatu Abdinasir atakuwa nyuma ya usukani akipita mtaa wa Kapsoya saa ambayo watoto wanakwenda shule.

"Kiplimo," alisema, "geuza gari."

"Kugeuza aje, Mama?"

"Uso uangalie huku. Mzee asimame palepale."

Kiplimo alimtazama Jerop, Jerop akamwonyesha kwa kichwa afanye. Akachukua ufunguo kwa Mzee, akaingia, akalizungusha gari uwanjani, akalirudisha pua ikiwa inamwelekea Abdinasir, kisha akamrudishia ufunguo. Ubavu uliokuwa kushoto kwake sasa ulikuwa kulia.

Abdinasir aliutazama kwa muda mrefu. Akasogea, akapitisha mkono wa kulia juu ya mbonyeo wote, kutoka madigadi hadi mlangoni, akagusa tepu nyeusi.

"Hii ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, Mzee," alisema Kiplimo. "Haki ya Mungu sikuficha. Ilikuwa tu hapo."

"Mwalimu, wewe uliiona?"

"Niliiona, Mzee," alisema Jerop kwa sauti ndogo.

Akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

"Niliiona."

"Tangu lini?"

"Tangu tuingie kwa lango, Baba Khadija."

Kinu cha mahindi kiliendelea kunguruma. Abdinasir alisimama akiegemea fimbo, na uso wake ukazeeka. Hodan alitamani kumshika mkono, asithubutu. Alikuwa ameshamuumiza vya kutosha, na hakujuta.

Mwishowe Abdinasir alitoa ufunguo mfukoni akamrudishia dalali.

"Ile nyeupe kule mwisho," alisema, "ni ya klachi?"

"Ile Corolla? Ni manual, lakini ni ya zamani, Mzee. Na klachi yake ni ngumu. Inataka mguu."

"Anao. Mpe Mama ufunguo."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Kiplimo alimpa Hodan kitu mkononi. Hodan alikaa nyuma ya usukani, Abdinasir akapandishwa kiti cha pembeni, Jerop akakaa nyuma. Gari lilizimika langoni. Likazimika tena barabarani, na lori la mahindi likawapigia honi ndefu. Hodan alitokwa na jasho chini ya mtandio. Abdinasir alikuwa amefumba macho.

"Usitazame mkono wako," alisema. "Washa. Tulia. Sikiliza injini, itakuambia." Gari likaondoka, injini ikapanda sauti. "Sasa," alisema, na Hodan akabadilisha gia. Ikapanda tena. "Sasa." Walikwenda mpaka njia panda wakageuka, na safari yote hakufumbua macho wala hakukosea hata mara moja.

Bei ya Corolla walipatana baada ya saa nzima ya kuvutana, na hapo Abdinasir alikuwa yuleyule wa zamani, hakumwachia Kiplimo hata shilingi ya soda.

Nyumbani Hodan alipakua wali na nyama. Abdinasir alikula mpaka katikati ya sahani, akaweka kijiko chini. Hodan akanyoosha mkono, kama ilivyo desturi.

Abdinasir akamzuia. Alishika ukingo wa sahani kwa mkono wa kulia, akaizungusha mwenyewe, polepole, mpaka wali ukatokea, na vipande vitatu vya nyama juu yake. Akautazama.

"Kila siku?"

"Kila siku," alisema Hodan.

Abdinasir akatikisa kichwa kukubali. Akachukua kijiko, akala kilichobaki, chote.